Mkunjo Alisema Amebanwa

Shuka la hospitali ni kubwa na lina ubishi. Ukilishika vibaya linakupanda kichwani kama mtoto wa pekee. Wifi yangu alilishika pembe mbili, mwenzake akashika pembe mbili, wakalivuta mara moja, pa, kama kofi, na shuka likanyamaza. Kisha wanasogeleana, pembe kwa pembe, kama watu wanaopeana mikono. Mstari wa katikati ulitoka umenyooka hivi kwamba ukiutazama nawe unajinyoosha. Ndiyo maana wakamwita Mkunjo. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya kliniki tu, na huko nitafika.

Mimi huitwa Kisiki. Sikujipa mwenyewe. Alinipa yeye, wiki ile nilipoolewa na kaka yake na nikakataa kuhama chumba cha mbele. Alisimama mlangoni akasema, "Kaka, wewe hujaoa. Umeng'oa kisiki porini ukakipanda sebuleni." Wifi ni wifi, asipokuchoma kwa maneno ujue hakupendi. Baadaye kaka yake alifariki, na mume wake yeye akafariki, watoto wakatawanyika kila mmoja na maisha yake. Tukabaki sisi wawili, chumba kimoja na jiko, tukichomana asubuhi na jioni mpaka ikawa mmoja hawezi kula bila mwenzake.

Sisi ni watu wa bondeni. Babu zetu walikuja mjini kubeba, na tumebeba mpaka leo: magunia, matofali, watoto wa watu. Tu weusi wa masizi, na ulimi wetu ni mzito, hatufungui mdomo bila kujulikana tumetokea wapi. Wenzetu ni watu wa juu, waliotutangulia katika kila kitu, hasa viti. Sisemi kwa chuki. Nimefua nguo zao, nimelea watoto wao, na wengine nimewapenda. Lakini wana neno moja juu yetu, kwamba mtu wa bondeni ni chuma. Hachoki, haumwi, dawa yake usingizi. Na sisi tuliipenda sifa hiyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tukisifiwa tulikuwa tunaongeza gunia.

Kiwanda cha kufulia alikofanya kazi Mkunjo kiko nyuma ya hospitali, ukuta kwa ukuta. Mashuka yanaingia kwa toroli mlango huu, yamejaa mambo ya wagonjwa ambayo sitayataja, na yanatokea mlango ule meupe. Yeye alikuwa kwenye pasi kubwa, ile ya magogo ya chuma yanayozunguka na kutoa mvuke, shuka linapita katikati likiwa bichi na kutoka limekauka. Mmoja anasimama kulia, mmoja kushoto, wanalipokea na kulikunja. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa mwanamke wa juu, jina lake la kazini Kicheko, maana alicheka hata akikanyagwa kidole. Umri wao mmoja, unene wao mmoja, miguu yao ilivimba pamoja na ikapungua pamoja. Chumvi walikula sawa, usingizi walikosa sawa. Joto la ile mashine halikuwahi kumwuliza mtu katoka bondeni au juu.

Basi ugonjwa nao ukawaingia karibu msimu mmoja. Nataka mkumbuke hilo.

Kwa Mkunjo ulianza na ngazi. Nyumba yetu ni ya ghorofani, na alikuwa akipanda na ndoo ya maji huku ananitukana. Siku moja nikaona anapanda kimya. Nilipomwuliza kama amekosa tusi, akakaa katikati ya ngazi, jasho limemjaa kama ametoka kuoga, akasema, "Nimebanwa, wifi."

Sasa hapa lazima nieleze, maana kisa chote kimo ndani ya neno hili. Sisi wa bondeni, kitu chochote kikikukamata ndani ya mwili, tunasema umebanwa. Ukiwa na mtu wako anakuelewa kwa kukutazama. Na mwanamke wetu aliyelelewa hatamki kifua chake mbele ya mtu wa nje, mwanamume hasa. Mama zetu walitupiga vibao kwa hilo. Kifua ni cha mtoto na cha mume, hakitajwi dirishani. Lakini kwa watu wa juu, mtu akisema amebanwa, wanajua kitu kimoja tu.

Akaenda kliniki. Akasimama kwenye dirisha la nesi, na nyuma yake foleni, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, binti yangu. Nimebanwa." Ndiyo, alimwamkia mtoto, alikuwa na hofu. Nesi hakuinua macho. Akamwambia, "Choo mwisho wa korido, mkono wa kushoto, na umwage maji."

Mkunjo akaenda chooni. Angefanya nini, watu wote wanamtazama? Akasimama humo kidogo, akanawa mikono, akamwaga maji kama alivyoagizwa, akarudi nyumbani. Aliponihadithia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, akiwa ameinama upande. Wapo walioniambia baadaye kwamba si jambo la kucheka. Nimewajibu kwamba kichekesho ni kichekesho, na yule aliyekuwa na haki ya kununa alicheka kunizidi. Kwa muda mrefu, mmoja wetu akiondoka mezani, mwingine humwambia, "Na umwage maji."

Lakini haikuondoka. Akarudi tena kliniki, safari hii akaingia mpaka kwa daktari, kijana mpole, mwenye mikono safi. Akamwuliza amebanwa wapi. Mkunjo akapitisha kiganja kuanzia shingoni mpaka kitovuni, haraka, kama anafukuza nzi, akasema, "Huku." Daktari akatazama kadi. Kwenye kadi kuna jina, na jina letu halijifichi. Akamwambia hiyo ni asidi ya tumboni, apunguze pilipili na asilale akiwa ameshiba. Akampa dawa nyeupe ya kunywa, yenye ladha ya chokaa. Mkunjo alipomwuliza kama haiwezi kuwa moyo, kijana akatabasamu kwa wema kabisa. Alimwambia watu wa bondeni wana bahati, mioyo yao ni chuma kwa sababu ya kazi za mikono, na maradhi ya moyo ni ya wenye kukaa.

Alirudi akitembea kama bibi harusi. Mtaa mzima ulipata habari kwamba moyo wake umepewa sifa na daktari. Kila mshipa ulipomkamata alikunywa chokaa lake, anapangusa mdomo, anasema, "Chuma hiki." Midomo imekuwa myeupe kama ya mtoto aliyeiba unga.

Kicheko naye akashikwa. Yeye alishikiwa kazini, shuka mkononi, akaliachia likaingia lote kwenye mashine likajikunyata. Wakamvusha ukuta mpaka kliniki hiyo hiyo, dirisha hilo hilo. Akasema kifua kimembana na mkono wa kushoto unamwuma. Kabla hajamaliza alikuwa kitandani, blauzi imefunguliwa, waya zimebandikwa, na karatasi inatoka ina milima milima. Wakamwekea kidonge chini ya ulimi. Wakamlaza kwenye wodi ile ile anayoifulia mashuka, wakamtibu, akarudi na mfuko wa vidonge na amri ya kutobeba toroli.

Siku aliyorudi walisimama tena, huyu kulia na yule kushoto, na shuka katikati. Kicheko akaeleza alivyojisikia. Mkunjo akawa anasikiliza huku anakunja. Alipofika kwenye jasho la bure na uzito wa gunia, Mkunjo akaacha kukunja. Aliniambia jioni kwamba ilikuwa kama kusikia mtu anasimulia ndoto yako.

"Ulisema nini pale dirishani?" akamwuliza.

"Nilisema kifua kimenibana."

"Tu?"

"Na mkono. Na wewe nenda ukaseme hivyo hivyo. Acha hayo mambo yako ya nimebanwa, utaishia kuosha vyoo vyao."

Basi yakaanza masomo. Kicheko alikuwa mwalimu asiye na huruma. Kila shuka lililopita, anavuta pembe zake na kusema, sema kifua. Mkunjo anavuta zake na kusema, mbele yako nasema. Sema sasa. Nitasema kesho. Wanawake wa kwenye makarai wakawa wanampigia makofi ya kumtia moyo, na yeye shingo imekakamaa. Siku moja akaamua. Akavuta pumzi, na wakati huohuo fundi akazima mashine ghafla ili aitie mafuta, kiwanda kikawa kimya kama msikiti mtupu, na katikati ya kimya hicho sauti ya Mkunjo ikapiga kuta zote: "Kifua changu!" Fundi alidondosha kopo la mafuta. Kicheko alicheka mpaka wakamkumbusha kwamba ana moyo mgonjwa.

Tangu hapo ulimi ulilegea. Nyumbani nilimsikia anajisomea huku anaosha vyombo, maneno ya Kicheko neno kwa neno, mpaka na jinsi watu wa juu wanavyobana herufi puani. Nilimwambia akiendelea hivyo tutamposa kwa mtu wa juu. Akanijibu kwamba posa ije haraka, kwa sababu hali haikuwa nzuri. Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa amejishikilia kwenye ukingo wa karo, vidole vimekwajuka. Nikamwambia kesho tunakwenda wote.

Tulifika mapema. Nilivaa viatu vyangu vya kufungia kamba, vile ninavyovaa nikiwa na jambo. Mkunjo akasogea dirishani. Nesi alikuwa yule yule wa choo. Na wifi yangu akayasema yote, bila kukwama, kama maji ya bomba:

"Kifua kinanibana kama nimewekewa gunia. Maumivu yanashuka mkono wa kushoto. Jasho linanitoka bila kazi. Naomba nipimwe moyo."

Nilijisikia fahari, nitasema nini. Nilitamani Kicheko angekuwepo.

Nesi safari hii aliinua macho. Akamtazama Mkunjo usoni, akatazama jina kwenye kadi, akamtazama tena. Akasema, "Nani kakufundisha kusema hivyo?"

Jibu la swali hilo Kicheko hakumfundisha. Mkunjo aligeuka kunitazama, kama mtoto aliyeshikwa na kitu cha jirani ilhali ni chake mwenyewe. Mimi nikasema amefundishwa na maumivu. Nesi akasema watu siku hizi wanakariri dalili ili wapate likizo kazini, hasa hao wa kufulia hapo nyuma, na mashine ya kupimia moyo ni moja, na wagonjwa wa kweli wapo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayefunga kopo. Akatuambia tukae kwenye benchi, daktari akipata nafasi atamwona, na kama dawa ya tumbo imekwisha tutapewa nyingine.

Tukakaa. Ni benchi la mbao, limelainishwa na makalio ya watu wetu. Nilinyanyuka nikarudi dirishani, nikaambiwa ningoje. Nikarudi tena nikaambiwa ningoje. Nikasimama mlangoni kwa daktari, mlinzi akanishika kiwiko, nikamwambia aangalie mkono wake unashika nini. Akanisihi, "Bibi, usiniharibie kazi." Naye alikuwa wa bondeni, maskini. Nikamwacha, lakini sikuondoka mlangoni.

Akaja mama mmoja wa watu wa juu, kashika kifua, kaongozana na bintiye. Alisema maneno machache kuliko ya Mkunjo. Wakamfungulia mlango, akapita karibu yangu. Simlaumu. Alikuwa anaumwa, nilimwona, na wala hakujua kama kuna foleni.

Nikarudi benchini kumwambia wifi yangu kwamba sasa naingia, na atakayenitoa atanitoa na mlango. Nilimkuta amekaa wima, mikono kwenye mapaja, kama anangoja shuka litoke. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Yale maneno ya Kicheko yote yalikuwa yamemwisha.

"Wifi," aliniambia, "nimebanwa."

Na mimi nilijua ni wapi. Mtu yeyote mwenye macho angejua ni wapi. Nilimshika, akaniegemea begani, kichwa kizito, na pale nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga hata nilipofiwa na mume.

Hapo ndipo walipokimbia. Sitasema hawakukimbia. Yule nesi alikuwa wa kwanza, viatu vikamtoka. Walimlaza kwenye kitanda kile kile alicholala Kicheko, wakamfungua blauzi, na kifua alichokificha maisha yake yote kikabandikwa waya na watu wasiomjua. Daktari kijana akawa anamkandamiza kwa mikono miwili, anahesabu, jasho linamdondoka. Karatasi ikaanza kutoka. Kwa hiyo kipimo alikipata. Haikuwa na mlima hata mmoja. Mstari ulikwenda umenyooka, umenyooka, kama mikunjo yake, mpaka mtu mmoja akazima mashine.

Daktari alinifuata ukumbini. Macho mekundu. Akaniambia moyo haukuharibika leo, ulikuwa umeshapigwa muda mrefu, tena na tena, na yeye hakutegemea. Akasema, "Kwa kawaida watu wenu huwa..."

"Malizia," nikamwambia.

Nilimngoja, na mimi nikingoja nangoja kweli. Akainamisha kichwa. Nikamwambia, "Mwenzake wa mashine moja mlimpima. Huyu mlimpa chokaa. Alisema maneno yale yale, daktari. Yale yale." Sikumhitaji anijibu. Nilitaka ayabebe tu. Sisi tumebeba ya kutosha.

Wakaleta shuka la kumfunika. Nikalitazama. Lilikuwa limekunjwa ovyo, mstari umepinda kama njia ya mlevi, na pembe moja iko nje. Nikawaambia hili haliingii. Nesi akasema kwa upole, "Mama, ni safi." Nikamwambia najua ni safi, lakini halijakunjwa, na huyu hafunikwi na kitu ambacho hakikukunjwa. Wakadhani uchungu umenipanda kichwani. Mlinzi akaja, akaniangalia, akaondoka bila kunigusa. Nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda na nikatangaza kwamba sitatoka.

Sijui nani aliyevuka ukuta kupeleka habari. Kicheko alikuja na aproni yake ya mvuke, mikono bado myekundu. Hakulia mlangoni. Aliangalia lile shuka pale mguuni pa kitanda, akaelewa bila kuambiwa, akaenda zake. Aliporudi alikuwa amebeba moja begani, la moto bado, limetoka kwenye magogo wakati huo.

Alikuwa amelipokea peke yake, kwa hiyo halikuwa limekunjwa. Upande wa pili hakukuwa na mtu.

"Nilisimama pale nikamngoja ashike," alisema. Mara ya kwanza namsikia anaongea bila kucheka. "Nilimfundisha vibaya, mama. Kuna neno nimelisahau."

"Hujasahau," nikamwambia. "Maneno yalikuwa kamili. Waliyanunua kwako, kwake wakayakataa."

Akanitazama, kisha akatoa lile shuka begani. Akashika pembe zake mbili, akaninyooshea zangu. Mimi nilikuwa sijawahi kukunja shuka la hospitali. Tukasimama, yeye kulia na mimi kushoto, na Mkunjo katikati yetu. Kicheko akavuta kidogo, akangoja, kwa mazoea yake ya miaka yote, mkono wa upande wa pili ujibu.

Nikavuta.